Mavuno ya kwanza ya asali: kinachobaki mzingani ndicho mtaji

MFUGAJI wa nyuki anayeanza hupata somo lake kubwa katika usiku mmoja tu, usiku wa kurina asali kwa mara ya kwanza. Hadi kufikia hapo kazi yake imekuwa nyepesi: ametundika mizinga, amesubiri, nyuki wameingia wenyewe bila kununuliwa kama ng'ombe au kuku. Usiku huo ndipo anapofungua mzinga kwa mkono wake na kuamua achukue kiasi gani. Wengi hukosea hapo. Wanatoka na ndoo iliyojaa, na wiki moja baadaye wanakuta mzinga ni mtupu, nyuki wamehama.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Butiama mwenye ekari tatu za mihogo, mtama na alizeti. Hana jina kwa sababu ni wa mfano, lakini wanaofanana naye wapo kuanzia vijiji vya Bunda hadi pembezoni mwa mji wa Musoma. Mwezi Machi ametundika mizinga mitano ya mbao, ile yenye vibao vilivyopangwa juu ambavyo nyuki hujenga masega yao wakiyaning'iniza. Nyuki wameingia katika mizinga miwili wakati wa masika, na wa tatu umepata kundi mwezi Novemba. Miwili iliyobaki ina buibui.

Sasa ni Januari, na shule zinafunguliwa. Elimu ya msingi na sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havijawahi kutolewa bure. Mama watoto amekwisha kupiga hesabu ya asali kabla haijatoka mzingani. Shinikizo hilo ndilo humfanya mfugaji mgeni aingize kisu mahali asipotakiwa kugusa.

Mara si Tabora

Asali ya Tanzania inayojulikana sana hutoka kwenye miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida. Huko ufugaji wa nyuki ni kazi ya mababu, na hata Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora. Mkoa wa Mara ni nchi nyingine. Hapa kuna migunga na vichaka kuelekea Serengeti, mashamba ya mihogo, mtama, pamba na alizeti katikati, na hewa yenye unyevu kando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo mfugaji wa Mara anayefuata kalenda ya Tabora atafungua mizinga wakati usiofaa.

Sehemu kubwa ya Mara hupata mvua mara mbili, za vuli kati ya Oktoba na Desemba na za masika kati ya Machi na Mei. Nyuki hukusanya maji ya maua mvua zinapochipusha mimea, na asali hukomaa mvua zinapokatika. Ndiyo maana wafugaji wa maeneo yenye misimu miwili huangalia mizinga yao mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia Juni. Hata hivyo mvua hazifiki siku moja Musoma, Bunda na Butiama, na kuna miaka vuli hugoma kabisa. Kalenda nzuri kuliko zote ni daftari: andika mgunga uliochanua, tarehe uliyoona maua ya alizeti, siku nyuki walipoanza kurudi na chavua nyingi miguuni. Baada ya misimu miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko semina nyingi.

Kuna mimea ya kuangalia kwa jicho kali zaidi. Miti ya jamii ya mnyaa yenye utomvu mweupe, inayoota kwenye miamba na katika maboma ya zamani, huchanua na nyuki huifuata. Asali inayotokana na maua hayo kwa wingi huwasha koo. Haiuziki, na mteja aliyeionja mara moja harudi. Mfugaji aliyezungukwa na miti hiyo awaachie nyuki asali ya kipindi hicho waile wenyewe.

Kwa upande wa Bunda kuna jambo la pamba. Zao hili lina manufaa kwa nyuki linapochanua, lakini hupigwa dawa mara kadhaa kwa msimu, na dawa inayoua funza wa vitumba haichagui. Nyuki aliyenyunyiziwa saa nne asubuhi akiwa kwenye ua hafiki mzingani, au hufika na sumu. Mwenye mizinga anapaswa kuongea na majirani mapema, akiwaomba wapige dawa jioni nyuki wakisharudi, na wamwambie siku moja kabla. Jirani mwenye alizeti hukubali haraka zaidi akielezwa kwamba nyuki hao hao ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua na kumjazia punje.

Ishara za asali iliyokomaa

Mfugaji wetu hafungui mizinga yote mitatu. Wiki moja kabla anapita jioni, anainua kila mzinga kidogo upande wa nyuma na kuusikia uzito wake. Ule wa Novemba ni mwepesi, kwa hiyo anauacha bila hata kuufunua. Kundi changa linahitaji msimu mzima kujenga masega na kulea watoto, na kulifungua kwa udadisi ni kulipotezea muda.

Miwili mizito ndiyo ya kufunguliwa. Nyuki huleta maji ya maua yaliyo mepesi kama togwa, huyapunguza maji kwa kuyapepea kwa mabawa, na yakishafikia uzito unaofaa huziba vijumba vya sega kwa nta. Kizibo hicho ndicho hati ya asali iliyokomaa. Kanuni inayotumika ni rahisi: sega lililozibwa robo tatu au zaidi linavunwa, lililo chini ya hapo linarudishwa. Asali iliyovunwa mbichi ina maji mengi, na baada ya wiki chache huanza kutoa povu na harufu ya pombe. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka asali isizidi asilimia 20 ya maji.

Vifaa havihitaji kuwa vya gharama kubwa, lakini kila kimoja lazima kiwepo kabla jua halijazama. Linatakiwa bomba la moshi, vazi zito la rangi nyeupe au ya kaki, kofia yenye wavu, glavu na mabuti ya mpira. Pia kisu kirefu, unyoya mkubwa wa kupangusia nyuki, na ndoo mbili za plastiki za chakula zenye mifuniko inayobana. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi, mafuta ya taa au dawa ya shamba isifike kabisa karibu na asali. Makopo ya bati yenye kutu nayo hayafai, kwa kuwa asali ina uchachu unaokula chuma na kubadilika ladha.

Mavazi yanaweza kununuliwa na kikundi cha watu watano na kutumiwa kwa zamu. Mizinga lazima iwe na mwenyewe mmoja. Mizinga ya kikundi inayomilikiwa na wote mara nyingi haitembelewi na yeyote hadi siku ya kurina.

Usiku wenyewe

Nyuki wa Afrika Mashariki ni wakali, na ukali wao huongezeka joto linapopanda. Ndiyo sababu kazi hufanywa jioni jua likizama au usiku. Gizani nyuki haruki mbali, ingawa hutambaa, na hupanda mguuni mwa suruali isiyofungwa. Kukicha hasira yao huwa imepungua. Mifugo ihamishwe mapema. Mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mizinga hana pa kukimbilia, na nyuki huweza kumuua. Ushauri wa kawaida ni kutundika mizinga umbali wa mita 200 au zaidi kutoka nyumba, shule, zizi na njia ya watu, na usiku wa kurina majirani wajulishwe hata kama umbali huo umezingatiwa.

Wanakwenda wawili, mfugaji na shemeji yake aliyewahi kurina mara kadhaa. Mmoja anashika moshi na tochi, mwingine anashika kisu. Tochi imefungwa kitambaa chekundu, kwani nyuki haioni rangi nyekundu, hivyo hairukii. Ndani ya bomba wameweka magunzi makavu na samadi kavu ya ng'ombe. Plastiki, mpira, matambara yenye oili na tumbaku haviwekwi kamwe.

Moshi unapulizwa kidogo mlangoni, mara tatu au nne, kisha wanasubiri dakika mbili. Nyuki wakisikia moshi hujaza matumbo asali kama wanaojiandaa kukimbia moto, na aliyeshiba hauma kwa wepesi. Moshi ukizidi, mambo huharibika: nyuki huchanganyikiwa, na asali inakuwa na harufu ya jikoni ambayo hakuna kuchuja kutakakoiondoa.

Wanaanza kufungua upande ulio mbali na mlango. Nyuki huweka majana, yaani watoto wao, karibu na mlango, na akiba ya asali huipanga mbali zaidi. Kibao cha kwanza kinatoka kitupu. Cha pili kina sega jeupe lisilojaa, kinarudishwa. Cha tatu ni kizito, kimezibwa chote. Nyuki wanapanguswa taratibu warudi mzingani, sega linakatwa na kudondoshwa ndooni, na mfuniko unafungwa hapo hapo. Kwenye kibao inaachwa nta ya upana wa kidole kimoja, ili nyuki waendelee kujenga palepale na kwa mstari ule ule.

Akichomwa, mfugaji hauminyi mwiba kwa vidole viwili, anaukwangua kwa ukucha au kwa kisu. Mwiba hubaki na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma. Vilevile hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo ndiyo mbiu ya kuwaita wengine wachome mahali palepale. Moshi kidogo juu ya jeraha huifunika. Mtu anayevimba uso au kubanwa na pumzi baada ya kuchomwa awahishwe hospitali bila kungoja asubuhi, na asirudi tena mzingani.

Mzinga wa kwanza unatoa masega sita mazuri. La saba lina asali juu, na chini yake vijumba vya rangi ya kahawia vilivyotuna kidogo. Mfugaji amekwisha kuinua kisu.

"Shemeji, hapo simama," anaambiwa. "Hayo ya kahawia ni majana. Ukikata hapo umekata nyuki wa mwezi ujao."

"Lakini juu kuna asali."

"Hiyo ni ya kwao."

Hapa ndipo usiku wote ulipo. Vizibo vya asali ni vyeupe au vya njano iliyopauka, navyo ni bapa. Vizibo vya majana ni vya kahawia, vimetuna, na vinaonekana vikavu. Sega la kwanza lenye majana ndilo mpaka. Tena si vema kuvuna hadi kuligusa: masega mawili yaliyojaa asali yaliyo jirani na majana yaachwe yawe chakula cha kundi hadi maua yarudi. Kwa mzinga wa kwanza, basi, mfugaji wetu anarudisha masega mawili kati ya sita aliyoyaona, na kuchukua manne.

Methali inasema fuata nyuki ule asali. Haikusema ule yote.

Nyuki wa Afrika wana tabia ambayo wenzao wa Ulaya hawanayo kwa kiwango hicho. Wakinyang'anywa chakula na watoto wao, hawakai kujenga upya, hunyanyuka kundi zima na malkia wao na kwenda kutafuta makao mengine. Kwa lugha ya kiuchumi, kundi ndilo mtaji na asali ni faida yake. Kukata majana ni sawa na kuchinja mtamba ili kupata maziwa yaliyomo kiweleni.

Hesabu yake ni nyepesi. Bei zote hapa ni za mfano, kila mfugaji aweke za sokoni kwake. Tuseme kilo moja ya asali ni shilingi 8,000. Kama mfugaji angekomba mizinga yote miwili hadi mwisho, angeongeza pengine kilo tano, sawa na shilingi 40,000. Hizo ni sare za watoto wawili. Lakini asali hiyo imechanganyika na maji ya majana na chavua, huchacha haraka na kushusha daraja la ndoo nzima. Kundi moja tu likihama, mavuno ya msimu unaofuata ya mzinga huo yamekwenda, tuseme kilo nane au shilingi 64,000, na mzinga unaweza kukaa mtupu kwa miezi mingi. Yakihama yote mawili, mfugaji amerudi Machi ya mwaka jana.

Mzinga wa pili unatoa masega matatu. Saa tatu na nusu usiku kazi imekwisha. Majivu na makaa ya bomba yanamwagiwa maji hadi yapoe kabisa. Januari majani huwa yamekauka, na moto mmoja wa mrina asali unaweza kula malisho ya kijiji kizima pamoja na maua ya msimu unaofuata. Pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hilo si suala la hasara tu, ni kosa mbele ya sheria, kama ilivyo kosa kuingia hifadhini kutafuta asali.

Kuchuja bila moto

Asubuhi masega yanatenganishwa. Yale meupe kabisa yanaweza kuuzwa yakiwa sega, na wapo wateja wanaoyapenda kwa kuwa hayaghushiki kirahisi. Yaliyobaki yanakatwakatwa na kuwekwa juu ya kitambaa cheupe safi kilichofungwa kwenye mdomo wa ndoo, ndani ya chumba kilichofungwa, chenye joto la mchana. Asali inashuka yenyewe. Kuchemsha masega ili yatoe asali haraka ni desturi ya zamani ambayo inafaa kuachwa. Moto huifanya asali kuwa nyeusi, huondoa harufu yake, na hupandisha kemikali ambayo maabara huipima ili kujua kama asali ilipata joto kali. Mnunuzi mkubwa akiiona, hanunui.

Ikishachujwa, asali inatulizwa siku mbili au tatu ndani ya ndoo iliyofunikwa. Povu na vipande vya nta huelea juu na kuenguliwa kwa kijiko. Mfuniko usiachwe wazi, hasa kwa walio kando ya ziwa, Musoma mjini na vijiji vya ufukweni. Asali hunyonya unyevu kutoka hewani kama chumvi, na iliyovunwa ikiwa nzuri inaweza kuharibikia sebuleni.

Mabaki kwenye kitambaa hutupwa na wengi. Hilo ni kosa linalostahili kulaumiwa kwa sababu nta haiozi, haina msimu, na enzi za ukoloni ilikuwa bidhaa kubwa ya Tanganyika kwenda nje ya nchi huku asali yenyewe ikiishia kwenye pombe vijijini. Mabaki hutiwa ndani ya mfuko wa nguo, hufungwa na kuzamishwa kwenye maji ya moto kwa kuwekewa jiwe juu. Nta huyeyuka, hupenya kitambaa na kuelea, na maji yakipoa huganda kama sahani ya njano. Masega ya kusaga na kuchuja hutoa takribani kilo moja ya nta kwa kila kilo kumi za asali. Kwa mavuno madogo nta hiyo ni kidogo mno kuuza, lakini kazi yake nyingine itaonekana mbele.

Lita si kilo

Mfugaji wetu amepata kilo nane kwenye mzinga wa kwanza na sita kwenye wa pili, jumla kilo 14 za asali safi. Anazipeleka Musoma. Hapo ndipo wageni wengi katika biashara hii huibiwa wakicheka.

"Kijana, una lita kumi hapo," mnunuzi anamwambia. "Kilo ni 8,000. Kumi mara nane, 80,000."

Hakuna aliyedanganya kuhusu lita. Uongo uko kwenye neno kilo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28, si 20. Lita kumi za mfugaji ni kilo 14, na kwa bei ya 8,000 anastahili shilingi 112,000. Tofauti ni shilingi 32,000, karibu sawa na zile alizokataa kuzichukua usiku kwa kuwaachia nyuki chakula. Kwa ndoo nzima ya lita 20, hasara hiyo inafika shilingi 64,000.

Uamuzi ni wa aina mbili tu: kuuza kwa mizani, au kuuza kwa lita kwa bei ya lita. Mwenye bei ya kilo ya 8,000 aitaje lita kwa 11,200. Mfanyabiashara mdogo anayenunua vijijini naye ana haja ya kujua hesabu hii, kwa sababu akinunua kwa kilo na kuuza rejareja kwa chupa za lita bila kubadili bei, yeye ndiye atakayelia.

Kufungasha kwenye chupa huongeza kipato, lakini kuna gharama. Kilo 14 hutoa chupa 28 za nusu kilo. Kila moja ikiuzwa 5,000, mapato ni shilingi 140,000. Tuseme chupa mpya na lebo yake ni shilingi 600, gharama ni 16,800, kinabaki 123,200. Ongezeko juu ya bei ya jumla ni shilingi 11,200, na siku mbili za kuzunguka madukani. Kwa kilo 14 haileti tofauti kubwa. Kwa kilo 100 inaleta. Chupa za maji zilizookotwa zisitumike hata kwa dharura. Anayetaka kuingia kwenye biashara ya chupa atahitaji nembo ya TBS, na ofisi ya SIDO ya mkoa iliyopo Musoma ndiyo mahali pa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo. Lebo ni vema iseme pia kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwani inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvikabili.

Wateja wengi wa mjini wana imani kuhusu asali halisi ambazo humuumiza muuzaji mwaminifu. Wanasema asali ikiganda imechanganywa na sukari. Ukweli ni kwamba asali halisi huganda kwa kutegemea maua iliyotoka na baridi ya mahali, na ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu hurudi. Majaribio ya kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, kudondoshea karatasi au kuangalia kama sisimizi wanaikwepa hayathibitishi chochote. Kinachomlinda mteja ni kumjua anayemuuzia. Mfugaji anayeandika kijiji na mwezi wa mavuno kwenye chupa yake anajenga jina ambalo mchuuzi wa stendi hana.

Kwa mwenye mzigo mkubwa, barabara ya Mwanza hadi Sirari inapita Bunda, na ng'ambo ya mpaka kuna soko la Kenya. Lakini soko la mbali hudai wingi usiokatika, na mfugaji mmoja mwenye mizinga mitano hawezi kuutoa. Hapo ndipo kikundi kinapofaa, kwa kukusanya na kuuza pamoja.

Gharama zinarudi lini?

Wapo wanaozunguka vijijini wakiuza mizinga kwa hesabu tamu. Mizinga mitano, mara kilo 20 kila mmoja, mara misimu miwili, na mkulima anaonyeshwa utajiri kwenye karatasi. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mzinga utaingia nyuki, hakuna msimu utakaokosa mvua, na nyegere hajui njia ya shambani.

Hesabu ya mfugaji wetu ni ya unyenyekevu zaidi. Tuseme mizinga mitano imemgharimu shilingi 350,000, na mchango wake wa mavazi na bomba la moshi 70,000, jumla 420,000. Mavuno ya kwanza yamerudisha 112,000. Msimu ujao, kama mizinga minne itakuwa na nyuki na kila mmoja ukatoa kilo nane, atapata kilo 32, sawa na 256,000. Bado ana deni la 52,000 kwa mfuko wake. Ni mavuno ya tatu ndiyo yanayomvusha, na baada ya hapo mizinga iliyotunzwa vema huendelea kufanya kazi kwa miaka mingi bila kudai shamba wala chakula. Anayekopa kwa riba ya kila mwezi kununua mizinga aione hesabu hii kwanza. Wasio na mtaji waulize kwa ofisa nyuki wa halmashauri kuhusu ruzuku za Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao husaidia pia miradi ya nyuki.

Bunda ina faida moja ya pembeni. Mashamba yanayopakana na Serengeti huvamiwa na tembo, na utafiti wa Lucy King nchini Kenya ulionyesha kwamba tembo huwakwepa nyuki. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba, ikaunganishwa kwa waya, tembo akisukuma waya mizinga yote hutikisika. Uzio huo haumzuii kila tembo, na mizinga mitupu haimtishi yeyote kwa muda mrefu. Anayeufikiria aanze kwa kujifunza kufuga nyuki wakakaa.

Siku tatu baada ya kurina, mfugaji wetu anapita kwa mbali asubuhi. Mizinga yote miwili ina nyuki wanaoingia na chavua miguuni, dalili kwamba malkia bado anataga. Anakagua waya zilizoshika mizinga na kuzipaka grisi ili siafu wasipande, na anafyeka vichaka ambavyo nyegere angevitumia kama ngazi. Sare zimenunuliwa, za mtoto mmoja. Za mwingine zitangoja mihogo.

Mwisho wa Februari anaishusha mizinga ile miwili mitupu. Anafagia buibui, anaipitisha moshi, kisha anachukua ile sahani ya nta, anaiyeyusha na kupaka mstari mwembamba katikati ya kila kibao. Anaitundika tena, safari hii kwenye mgunga ulio karibu na maji, mlango ukiwa umepewa kisogo upepo wa ziwani. Harufu ya nta husafiri mbali, na makundi yanayogawanyika huanza kutafuta makao mvua za Machi zikishachanua maua.